Kichupa cha Mwisho cha Seli za Fundi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa Taasisi, Daktari wetu tunayekuaga leo pamoja na mumeo uliyekuja naye, wakuu wa idara, watafiti, wauguzi wa wodi ya kifua, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na mlango kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu nyote kwa heshima. Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe. Karatasi ya itifaki niliyopewa imeandikwa kwa herufi ndogo, na miwani yangu nimeiacha kwenye gari la binti yangu.

Mshereheshaji ameniomba nisizidi dakika kumi. Namheshimu sana, lakini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi nikastaafu, na dakika kumi ndizo nilizokuwa nikitumia kuwaambia watoto wachomekee mashati. Kwa hiyo avute subira.

Wengi wenu mnajiuliza bibi huyu ametokea wapi. Mimi si mtafiti wala daktari. Mimi ni mke wa marehemu Fundi, seremala, mtu aliyepumua vumbi la mbao maisha yake yote na ambaye mapafu yake, mwishoni, yalijaa makovu. Wale wa zamani katika jengo hili wanamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akigonga kila meza anayopita kwa vifundo vya vidole na kusema, "Hii hamkuuziwa mbao, mmeuziwa maneno."

Nimekuja kwa mambo mawili: kumuaga Daktari, na kutoa jibu. Mwezi uliopita, bwana anayerithi kiti cha Daktari alikuja nyumbani kwangu na ombi. Ndani ya tangi lenu la baridi kali kimebaki kichupa kimoja tu cha seli za mapafu ya mume wangu. Zimeganda, lakini ni hai. Anataka kuziyeyusha na kuzitumia, na zikishayeyushwa hazirudi tena, ndiyo basi. Nilimwambia jibu langu nitalitoa siku ya leo, mbele ya watu, na tangu tumeingia humu namwona anashikashika tai yake. Tulia, baba. Nitafika huko.

Kwanza nianze na Daktari, maana shughuli hii ni yake.

Mnajua mnamwita nani mkiwa peke yenu? Mnamwita Daktari Sakafu. Msijifanye hamjui, hata yeye anajua. Mnamwita hivyo kwa sababu kila mtu alipomletea shida, seli zangu zimekufa, seli zangu zimegoma, yeye hakuuliza umezilisha nini wala umezitoa kwa nani. Aliuliza, "Umezikalisha juu ya nini?" Miaka mingi mlimcheka. Leo nasikia wanafunzi wanakuja kutoka mbali kumsikiliza akiuliza swali hilohilo. Lakini ndugu zangu, swali hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa nyumbani kwangu. Ndiyo maana niliona nikubali mwaliko huu.

Mume wangu alipopasuliwa kifua ili wachukue kipande cha pafu kwa vipimo, Daktari alikuja kitandani kwake kuomba sehemu ndogo ya kipande kile. Alikaa, akaeleza polepole, akangoja. Fundi akamuuliza, "Utakifanyia nini?" Daktari akasema atatoa seli zilizomo na kuzikuza ndani ya kisahani, azitazame zinavyofanya kazi. Fundi akafikiri, akasema, "Mimi mwenyewe nimelala hapa sifanyi kazi. Kama zenyewe zitafanya, zichukue." Wodi nzima ilicheka, na yule muuguzi mnene, ambaye namwona pale, alicheka mpaka akaangusha trei.

Halafu Daktari akafanya jambo ambalo watu wengine wa taasisi hii hawakulifanya. Alimkaribisha mgonjwa aje kuzitazama seli zake. Nataka mjue kwamba ulikuwa wema. Nitasema mambo mengine baadaye, lakini hilo liandikwe juu: ulikuwa wema mtupu, na Daktari alikosa usingizi kwa ajili yake kwa miaka.

Basi tukapanda ngazi hadi chumba kile chenye makabati ya joto. Mume wangu alipumzika kila ngazi chache, huku akijifanya anakagua mkono wa ngazi. Wakamkalisha mbele ya hadubini. Akafumba jicho moja, kama anayekagua unyoofu wa ubao. Kisha akasema, "Mama Watoto, njoo uone. Wanafunzi wangu hawa."

Nikatazama. Seli zilikuwa za mviringo, zimekaa pamoja kama watoto waliokaa mstarini wenyewe bila kuambiwa, na ndani ya kila moja kulikuwa na vifuko vidogo vinavyong'aa. Daktari akatueleza kwamba vifuko vile hubeba mafuta mepesi sana, na mafuta hayo ndiyo huzuia vyumba vidogo vya hewa kwenye mapafu visigandane kila unapotoa pumzi. Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo hawa ndio wanaopaka vanishi?" Daktari akacheka, akasema ndiyo, hao ndio wapaka vanishi.

Alirudi nyumbani mtu mwingine. Akaanza tena mazoezi ya pumzi aliyofundishwa, ambayo awali aliyaita upuuzi wa kupuliza mishumaa isiyokuwepo. Akaanza tena kutembea hadi karakana yake mwisho wa mtaa. Alikuwa akipiga randa ubao mmoja, anakaa, anapiga mwingine. Jirani akimuuliza hali, alijibu, "Wapaka vanishi wako kazini." Nilikuwa na mume, ndugu zangu. Alikuwa mgonjwa, alikuwa mwembamba, lakini alikuwa mume, na alikuwa na mdomo wake.

Siku nyingine ya kliniki akataka azione tena. Mimi nilibaki chini dirishani nikipanga foleni ya dawa. Daktari alikuwa kwenye kikao. Fundi akapanda peke yake, na kijana mmoja mwanafunzi, mpole, akamwekea kisahani chake kwenye hadubini. Safari hii seli hazikuwa za mviringo. Zilikuwa zimetandaa, zimepoteza umbo, na vile vifuko vya kung'aa havikuwepo. Baadaye aliniambia zilikuwa kama mayai ya kukaanga. Akamuuliza kijana, "Hawa wamepatwa na nini?" Na kijana, kwa lugha yao ya kila siku, lugha waliyoitumia wote mle ndani kwa kila kisahani kilichoharibika, akasema, "Aa, hizi zimeshasahau kazi, Mzee. Huwa zinafanya hivyo."

Hakuwa na nia mbaya. Kwake lilikuwa neno la kisahani. Kwa mume wangu lilikuwa neno la kifua chake.

Alishuka ngazi, akanikuta dirishani, akasema, "Twende nyumbani." Nikamwambia dawa bado. Akasema, "Za nini?"

Mnataka kujua mtu anaachaje kuishi kabla hajafa? Anavua aproni yake na kuikunja. Anamwita jirani na kumpa randa zake zote, hata ile ya baba yake. Anapoambiwa leo ni siku ya kliniki, anasema mafundi wenyewe wameacha kazi, msimamizi aende kufanya nini? Anakaa kitandani upande wa dirisha. Binti yake anamletea mjukuu, anamshika mkono mtoto na kutazama ukutani. Mimi niliyekuwa nikinyamazisha ukumbi mzima kwa kuinua kidole kimoja, nilishindwa kumwinua mtu mmoja kutoka kitandani. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamlilia. Alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Hivyo ndivyo tulivyomaliza ndoa ambayo ilikuwa imejaa kelele na vicheko, na hilo linaniuma hadi leo ninaposimama hapa.

Akafa. Daktari alikuja msibani, akakaa na akina mama, hakusema lolote la kazi.

Sasa naomba nieleze alichokifanya baada ya hapo, na wataalamu mnivumilie, nitasema kama nilivyoelezwa.

Ninyi mnajua kwamba seli za mapafu, mwilini, hazikai hewani. Chini yake kuna utando mwembamba mno, mnauita utando wa msingi, ambao seli zenyewe husaidia kuutandika, na juu yake ndipo hukaa na kushikilia. Katika visahani vyenu utando ule haukuwepo. Palikuwa na plastiki tupu. Siku za mwanzo seli hukaa vizuri, kwa sababu bado zina nguvu za kule zilikotoka. Kisha hutandaa, huacha kutengeneza yale mafuta, na watu wa maabara husema zimesahau kazi. Ilikuwa kawaida. Kila mtu aliijua, kwa hiyo hakuna aliyeihoji.

Daktari akaihoji. Alikuwa na aina nyingine ya seli, ngumu kidogo, ambazo zikikaa kwenye kisahani hutandika utando chini yake. Akaziacha zitandike. Kisha akaziosha taratibu kwa maji yenye dawa hadi zote zikaondoka na utando ukabaki umeshika pale chini. Ukitazama kwa jicho, kisahani ni kitupu. Mwoshaji wa vyombo alikuwa akivitupa kwa kudhani vimetumika, hadi Daktari akaanza kuvifungia kwenye droo ya meza yake. Mlimcheka kwa hilo pia. Mlisema anafungia hewa.

Juu ya utando ule akaziweka seli za mapafu. Na si za mtu mwingine. Alitoa kichupa kimoja kati ya viwili vya Fundi vilivyokuwa kwenye baridi. Nusu akaziweka kwenye plastiki tupu, nusu kwenye utando. Chakula kilekile, joto lilelile, mikono ileile. Zile za plastiki zikawa mayai ya kukaanga. Zile za utando zikakaa, zikajikusanya, zikatengeneza vifuko vyao vinavyong'aa, zikaendelea na kazi.

Alikuja nyumbani jioni, bado amevaa koti jeupe, nadhani hakujua kama amelivaa. Nikamkaribisha sebuleni. Nikataka kumpa chai, akakataa. Akasema, "Mwalimu, zile seli hazikuwa zimesahau. Sisi tuliziweka mahali pasipokalika."

Nikamuuliza, "Angepona?"

Akasema, "Hapana. Makovu yalikuwa mengi. Asingepona."

Nikamwambia, "Basi umekuja kuniambia nini?"

Kisha akasema, "Nimekuja kukwambia kwamba alichokiamini hakikuwa kweli. Na aliyekileta ni mimi, kwa kumfungulia mlango na kutokuwepo."

Ndugu wageni, nilimkasirikia. Sitawadanganya kwa sababu ya sherehe. Nilimkasirikia kwa sababu ukweli wake ulifika wakati hauna wa kumsaidia, na kwa sababu ulinipokonya kitu kimoja nilichokuwa nimejifariji nacho, kwamba mume wangu alikata tamaa kwa kuwa aliona mbali kuliko sisi. Kumbe hakuona mbali. Alionyeshwa vibaya. Lakini jiulizeni: kulikuwa na nani mwingine aliyejua? Hakuna. Daktari angeweza kuandika makala yake, akapigiwa makofi, na mimi nisingejua hadi naingia kaburini. Alikuja mwenyewe, akavaa aibu yake, akakaa kwenye kiti changu. Katika wasomi wote niliowahi kukutana nao, na nimekutana na wakaguzi wa elimu wengi mno, sijaona mwingine aliyekuja kusahihisha kosa ambalo hakuna aliyemdai alisahihishe. Hiyo ndiyo sifa ninayompa leo. Nyingine mtampa ninyi.

Na lawama yangu ni hii, na naitoa mbele ya Bodi. Baada ya pale mlango ulifungwa. Taasisi ikaamua wagonjwa wasipande tena kutazama seli zao. Daktari hakupinga. Ninajua kwa nini hakupinga, alikuwa anaogopa ngazi zile kuliko ninyi nyote. Miaka imepita, wagonjwa wametoa vipande vya mapafu yao na hawajaona hata kivuli chake. Mlichojifunza kwa mume wangu ni kwamba mgonjwa asionyeshwe. Mimi niliyekuwa mwalimu nasema hilo si somo. Somo lilikuwa kwamba anayeonyeshwa aambiwe kweli, pamoja na ile kweli ya kwamba bado hatujui.

Sasa nifike kwa kichupa.

Bwana huyu mwenye tai alipokuja nyumbani, kabla hajaomba chochote, aliniambia, "Mwalimu, yule kijana aliyemwekea Mzee kisahani siku ile ni mimi." Akaniruhusu niliseme hapa. Sikuwa nimemtambua, nywele zimepungua na kitambi kimeongezeka. Nilitafuta hasira niliyokuwa nimemwekea yule kijana, nikakuta imechakaa, kama nguo iliyokaa sandukuni. Nikampa maji anywe. Ndipo akaeleza anachotaka.

Anasema hapa kwenu mmehifadhi pia kipande kingine cha pafu la Fundi, kilichobaki siku ya upasuaji, chenye makovu. Mnaweza kukiosha seli zote zitoke, ubaki utando wake peke yake, sakafu yake mwenyewe iliyoharibika. Anataka kuziweka seli za Fundi nusu juu ya sakafu ile mbovu, na nusu juu ya utando wa pafu la mtu mwingine lisilo na ugonjwa. Swali lake ni moja: je, ugonjwa unaanza kwenye seli, au unaanza chini yake? Kama seli zilezile zikiharibika pale na kutengemaa hapa, basi wanaotengeneza dawa watajua waanze kutibu wapi. Na anahitaji za Fundi kwa sababu hana mgonjwa mwingine ambaye seli zake na sakafu yake vyote vimehifadhiwa.

Binti yangu alisema, "Mama, kataa. Walishamchukua mara moja." Sikumlaumu. Mwanangu wa kiume alisema nifanye ninavyoona, jambo ambalo husema kila mara asipotaka kufikiri. Nami nililala na jambo hili nikaamka nalo. Kwa sababu, ndugu zangu, mnajua mnaniomba nini? Nyumbani nina picha zake. Nina meza zake. Nina aproni iliyokunjwa. Vyote hivyo havipumui. Mahali pamoja tu duniani pamebaki kitu cha mume wangu ambacho bado ni hai, na mahali hapo ni kichupa kisichozidi kidole changu, ndani ya tangi lenu. Nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa naosha vyombo, huwa najua kipo. Sijawahi kumwambia mtu hilo, nadhani wangeniona nimechanganyikiwa. Lakini kimenishikilia.

Kwa hiyo bwana, jibu langu ni hili. Kichukue.

Lakini nisikilize vizuri. Daktari akiyeyushe yeye mwenyewe, kesho, kabla hajakabidhi funguo. Mikono yake ndiyo iliyozigandisha. Pili, nitakuwepo. Nitapanda ngazi zile, nitapumzika ninapotaka, na nitatazama kwenye hadubini siku ya kwanza, na siku nyingine zote mpaka mtakapomaliza. Mkurugenzi, sheria yenu ya kufunga mlango mtaitafutia dawa wenyewe. Na tatu, siku nitakapotazama nikaona zimetandaa, mtu asiniambie zimesahau kazi, na asiniambie zitapona. Aniambie anachokiona, na kama hajui, aseme hajui. Mume wangu alistahili hilo, na yeyote atakayepanda ngazi zile baada yangu anastahili hilo.

Daktari, dada yangu. Najua umekuwa ukiniogopa tangu ile jioni. Kila tukikutana barabarani unanisalimia kwa heshima nyingi kupita kiasi. Acha sasa. Ulichelewa, na mimi nilikasirika, na yote mawili yana haki. Nenda kapumzike. Na wewe, mume wake, mpokonye hilo koti jeupe, asije akalala nalo.

Nawashukuru waliokaa na waliosimama. Nimezidisha dakika, sitaomba radhi kwa hilo.

Ninachoomba ni kimoja tu: mshereheshaji asipige muziki mara moja nikishuka hapa. Hadi leo nimekuwa mjane kwa upande mmoja tu, ule wa nyumbani. Kesho, kichupa kikishayeyuka, nitakuwa mjane mzima, na ningependa kurudi kwenye kiti changu taratibu. Ahsanteni kwa masikio yenu.